Nani Anasubiri kwa Ajili Yetu?

Mwisho wa mwezi, watoto wakishalala, mke wangu hufungua daftari nami huvuta kiti. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake huingia kwenye tarehe ishirini na kitu. Posho yangu ya uchungaji hutegemea matoleo ya usharika, kwa hiyo huja wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata, na wakati mwingine ya pili. Katikati hapo kuna ankara ya maji, umeme wa luku, marejesho ya kikoba, awamu ya ada, deni la dukani kwa Mangi, maziwa, bahasha ya ahadi, na mshahara wa dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Ukitaka kulipa vyote siku moja, fedha haitoshi. Ukivipanga, hiki leo na kile wiki ijayo, mwezi unapita. Najua nyumba nyingi za washarika zinaishi hivyo hivyo.

Ndugu msomaji, tujiulize: je, kupanga huko ni hesabu tu, au kuna mahali ambapo imani yetu inaguswa?

Niseme kwanza kwamba kupanga si dhambi. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Ankara ya maji ikiwa na siku yake ya mwisho, ukailipa siku hiyo, hujamkosea mtu. Tena, anayelipa kila kitu mapema ili aonekane mwaminifu, kisha mtoto akaugua naye akakimbilia mkopo wa simu wenye riba kubwa, hajatenda jambo takatifu kuliko wengine. Amekosa busara tu.

Kwa miaka mingi tafakari yangu iliishia hapo. Kisha siku moja mama mmoja akaja getini kumwuliza dada wa nyumbani kwetu. Nilidhani ni ndugu yake. Kumbe alikuja kudai fedha zake.

Tulikuwa tumekubaliana na dada kumlipa tarehe 30. Lakini mwezi ukibana tulimwambia, "Dada, vumilia kidogo, Baba Mchungaji akipata tutakupa." Naye hujibu, "Haya, mama, hamna shida." Ikawa tarehe 5, kisha tarehe 8, mpaka tukazoea. Tusichojua ni kwamba mama yake kijijini alikuwa akimngojea kila mwisho wa mwezi, na mdogo wake alihitaji madaftari na michango ya shule. Akakopa kwa yule mama shilingi 20,000, arudishe 24,000.

Usiku ule tulipofungua daftari sikuweza kuandika. Zile 4,000 zilikuwa riba ya kuchelewa kwetu. Sisi ndio tuliokopa, tena kwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote ndani ya nyumba, bila hata kumwomba. Riba akailipa yeye.

Nikaanza kuangalia upya mpangilio wetu, nikaona kanuni ambayo hatukuwahi kuiandika. Luku haina huruma. Uniti zikiisha, taa zinazimika. Kikoba kina faini, na aibu mbele ya wenzako. Shule inaweza kumrudisha mtoto nyumbani. Wote hao tuliwalipa kwa wakati. Waliosubiri walikuwa mama wa maziwa na dada, yaani wale wasio na la kutufanya. Tulidhani tunapanga kwa tarehe, kumbe tulikuwa tunapanga kwa woga. Tuliowaogopa tuliwalipa, na waliotuheshimu tukawaambia wavumilie.

Neno la Mungu linapanga kinyume chake. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaeleza na sababu: alipwe kabla jua halijatua kwa kuwa ni maskini, na moyo wake unautazamia ujira huo. Tazama kwamba sababu inayotajwa ni uhitaji wa anayengoja. Nguvu zake za kudai hazitajwi kabisa. Mithali 3:28 nayo inamkataza mtu kumwambia jirani yake aende akarudi kesho, hali kitu anacho.

Sisi Walutheri tumejifunza Katekisimo Ndogo tangu kipaimara. Katika ombi la nne la Sala ya Bwana, Luther anaeleza kwamba mkate wa kila siku si chakula peke yake. Anataja mavazi, nyumba, serikali njema, majirani wema, na pia watumishi wema wa nyumbani. Dada yule alikuwa sehemu ya mkate ambao Mungu alitupa. Lakini naye huomba sala ile ile, na katika sala ile kuna neno "leo". Nilikuwa nikiomba riziki ya leo kwa ajili yangu, huku nikiifanya ya kwake kuwa ya wiki ijayo.

Mke wangu aliniuliza swali la haki. "Lakini dada anakula hapa na kulala hapa. Luku ikiisha, si hata yeye atakaa gizani?" Ni kweli, na sikuwa na jibu la haraka. Baadaye tuliona kwamba mahitaji ya mtu hayaishii kwenye sahani yake. Naye ana mama, ana mdogo wake, ana tarehe zake. Ana daftari lake pia, ila hatukuwahi kuliona.

Basi tukahamisha. Mshahara wa dada unatoka siku ile ile mshahara wa mke wangu unapoingia, kabla ya kitu kingine, na zile 4,000 tukamrudishia. Kwa ada nilikwenda kwa mkuu wa shule kabla ya tarehe, nikamweleza hali, akakubali tugawe awamu upya. Hata hivyo pengo lilibaki, na kilichobaki kusogezwa kilikuwa bahasha yangu ya ahadi.

Hapo palikuwa pagumu. Mchungaji anayehimiza ahadi madhabahuni, jina lake likisomeka miongoni mwa waliochelewa, wazee wa kanisa watasema nini? Nikajikuta nasoma tena Malaki 3. Mstari wa 10, wa zaka kamili, nimeuhubiri mara nyingi. Lakini katika sura hiyo hiyo, mstari wa 5, Bwana anasema atakuja kuwashuhudia wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake. Sikumbuki kama niliwahi kuuhubiri huo. Na katika Marko 7 Yesu anawakemea waliotumia sadaka kama njia ya kukwepa wajibu wao kwa wazazi. Sisemi tuache kutoa. Ahadi niliimaliza, ila kwa kuchelewa, baada ya kumweleza mtunza hazina ukweli. Niliona aibu. Lakini aibu hiyo ilikuwa mzigo wangu halali, na huko nyuma nilikuwa nimembebesha dada.

Nasi kama kanisa tujitazame. Nimewahi kutumika mahali ambapo vyombo vya muziki vililipiwa fedha taslimu, huku mlinzi wa usiku akiambiwa asubiri mavuno. Tuliimba vizuri sana Jumapili ile, na mlinzi alikuwa amesimama mlangoni.

Ziko nyumba ambazo hata zikipanga namna gani fedha haitoshi, na sitaki kumwongezea mzigo mtu aliyeelemewa. Lazima mtu fulani atasubiri. Kabla hatujaamua ni nani, tujiulize mambo matatu. Je, anayesubiri ameulizwa, au ameambiwa tu? Je, anaweza kusubiri bila kukopa wala kulala njaa? Na je, tumemweleza ukweli kabla ya tarehe, au tunapita njia nyingine ili tusikutane naye?

Paulo, katika Warumi 13:8, anaruhusu deni moja tu libaki kati yetu, nalo ni upendo. Mengine yote yana siku ya kulipwa. Mwisho wa mwezi huu, utakapofungua daftari lako, anza kwa kusoma majina kutoka chini kwenda juu. Yule wa mwisho kabisa, asiyekupigia simu wala kukudai, ndiye wa kumfikiria kwanza.