Asili ya Mtu na Asili ya Nyota

Hapana neno litumikalo sana katika mabaraza ya miji yetu ya pwani kama neno asili. Mtu akitenda jema husemwa, "Asili haipotei." Akitenda baya husemwa, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Na kila asemaye hivyo hudhani ya kuwa ametoa hoja, hali ya kuwa ametoa methali tu. Methali ni pambo la maneno na mara nyingi husema kweli, walakini haimpi mtu ilimu ya jambo asilolichungua. Sisi katika darasa yetu tumelizungumza swali hili kwa majuma kadhaa: Je, kile kionekanacho kwa mtu, tabia yake, ilimu yake, adabu yake au upungufu wake, chatosha kutuonyesha alikotoka? Na je, yafaa asifiwe au alaumiwe kwacho?

Twataka kulijibu kwa njia ya nyota, na msomaji asistaajabu. Wataalamu wa falaki wamelikabili swali hili hili kwa zaidi ya miaka sabini, nao walikuwa na shahidi asiyesema, asiyependelea, wala asiye na jamaa wa kumtetea.

Mtu akitoka nje usiku wa Desemba au Januari, baada ya Isha, atakiona Kilimia juu mbinguni, na nyuma yake nyota moja kubwa yenye wekundu. Hiyo ndiyo Dabarani, na maana ya jina lake ni mwenye kufuata, kwa kuwa yakifuata Kilimia usiku kucha. Iko mbali nasi kiasi cha miaka 65 ya mwendo wa nuru, na upana wake ni kama mara 44 ya upana wa jua. Nayo haikuzaliwa nyekundu wala kubwa hivyo. Nyota kama jua huishi kwa kuigeuza haidrojeni kuwa heliamu ndani ya moyo wake. Haidrojeni ya moyoni ikisha, moyo hujikaza na kuzidi moto, na mwili wa nje hufura na kupoa, ndipo rangi yake ikawa nyekundu. Nyota iliyofika hapo wataalamu huiita jitu jekundu. Jua letu nalo litafika huko baada ya miaka milioni elfu tano hivi, kwa hivyo hapana haja ya kuuza viwanja mwaka huu.

Nyota haifikiwi kwa mkono, lakini nuru yake hutufikia, na katika nuru hiyo mna maandishi. Kirchhoff na Bunsen, Wajerumani wawili wa mji wa Heidelberg, walionyesha katika mwaka 1859 na 1860 ya kuwa kila elementi ina alama zake, mistari isiyofanana na ya nyengine, mfano wa chapa ya mfugaji juu ya ngamia wake. Nuru ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu, mistari hudhihiri, na mjuzi huisoma: hapa pana chuma, hapa pana kaboni, hapa pana kalsiamu.

Dabarani ukiisoma hivyo haina la ajabu kubwa. Yako majitu mengine ambayo yaliwashangaza watu. Mwaka 1952 Paul Merrill, aliyekuwa akifanya kazi penye darubini za Mount Wilson huko California, alitangaza ya kuwa ameziona katika baadhi ya nyota nyekundu alama za teknetiamu. Teknetiamu ni elementi isiyokaa. Hata aina yake iishiyo muda mrefu kabisa hupungua nusu katika miaka milioni nne hivi, na ile ipikwayo ndani ya nyota hupungua nusu katika miaka laki mbili na kidogo. Kwa umri wa nyota, muda huo ni kufumba na kufumbua. Basi nyota iliyo na teknetiamu leo haikuzaliwa nayo. Lau ilizaliwa nayo ingalikuwa imekwisha zamani. Yaipika yenyewe, na ingali ikiipika. Kwa ushahidi huo ilithibiti ya kuwa nyota ni majiko, na vitu vizito hupikwa humo.

Mwaka mmoja kabla yake, 1951, William Bidelman na Philip Keenan walikuwa wamekwisha kulieleza kundi jengine. Majitu haya yalikuwa na bariamu nyingi kupita kiasi, na strontiamu na kaboni pia, vitu ambavyo nyota huvipika ikiwa katika uzee wake wa mwisho. Walakini majitu haya hayajaufika uzee huo, na teknetiamu hayana. Ni kama kumwona kijana wa miaka ishirini ana mali ya mzee aliyefanya biashara miaka hamsini. Moja katika hizo huonekana kwa jicho tupu, nayo ni nyota iitwayo Zeta katika buruji ya Jadi, ijapokuwa rangi yake yaelekea manjano kuliko wekundu.

Kwa karibu miaka thelathini wataalamu waliitafuta sababu ndani ya nyota zenyewe. Wako waliosema huenda moto wa ghafla moyoni uliyachanganya ya ndani na ya nje. Wengi walikuwa wakiutazama uso wa nyota na kuuliza, una nini? Swali la kuwa ilikuwa na nani lilikawia kuulizwa.

Aliyeliuliza kwa vipimo ni Robert McClure na wenziwe wawili, huko Victoria nchini Kanada, waliotoa jawabu mwaka 1980. Hawakushughulika na bariamu. Walishughulika na mwendo. Nyota ikija upande wetu, mistari ya nuru yake husogea kidogo kwenye buluu. Ikituacha, husogea kwenye nyekundu. Walipoipima mistari hiyo mara kwa mara waliona ya kuwa nyota za bariamu zayumba, huku na huku, kama mtu anayezungushana gizani na mwenziwe waliyeshikana mikono. Mwenziwe haonekani, lakini yumba ile yamshuhudia. Zeta ya Jadi huuzunguka mzunguko wake pamoja na mwenziwe kwa miaka sita na nusu hivi.

Mwenzi huyo ndiye aliyekuwa mkubwa. Alizeeka mbele, akawa jitu, akaipika bariamu ndani mwake, akaipandisha juu, kisha akaumwaga mwili wake wa nje, na sehemu ya kile kilichomwagwa ikamfikia jirani yake. Yeye akabaki moyo mtupu, kibete mweupe mwenye ukubwa kama wa dunia yetu, akafichwa na nuru ya yule yule aliyempa. Yule kibete wa Zeta alikuja kutambuliwa kwa setilaiti iliyorushwa mwaka 1978, iliyoweza kupokea nuru ambayo jicho la mwanadamu haliioni.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya posa moja. Kipsing ni kijiji cha wafugaji katika kaunti ya Isiolo, kaskazini kidogo ya Ikweta, penye mto wa mchanga ambao aghlabu hauna maji. Kijana mmoja wa huko, ambaye mama yake ni Mborana, anasomesha skuli katika mji wetu. Ameposa katika nyumba moja inayojulikana, na binti mwenyewe ameridhika. Watu wa baraza wakasema, "Ni mtu wa bara, asili yake haijulikani." Mmoja alipoutaja uaminifu wake na kusoma kwake, alijibiwa, "Hayo ameyapata kwetu." Mwengine alipotaja ya kuwa ana hasira za upesi, alijibiwa, "Hayo ndiyo ya kwao."

Tazameni hisabu hii. Mema yake ni bariamu, ameyapokea kwetu. Mabaya yake ni teknetiamu, ameyapika mwenyewe. Na kwa watoto wetu hisabu hugeuzwa: mtoto wa nyumba akifaulu, ni damu, akiharibika, ni marafiki wabaya. Mwenye duka aliye na mizani mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, twajua sote jina lake. Lakini mizani hizi mbili zimewekwa kila baraza, na wanaozitumia ni watu wazima wenye heshima zao, wala hapana anayeona haya.

Wala jambo hili haliishii katika posa. Twapenda sana kujivuna ya kuwa majina ya nyota yatumikayo ulimwenguni yametoka katika Kiarabu, na kwa nyingi za zile zing'aazo ni kweli. Abdurrahman as-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, akazitazama kwa macho yake mwenyewe, akamsahihisha Batlimus wa Iskandaria aliyemtangulia kwa miaka mia nane. Sufi alipokea kwa Batlimus, kisha akaongeza yake; alikuwa na bariamu na alikuwa na teknetiamu. Sisi je? Usiku mmoja tulipanda juu ya paa pamoja na wanadarasa, tukawataka watuonyeshe Dabarani. Walioweza walikuwa wachache, na wa kwanza wao alikuwa ni huyu mwalimu wa Kipsing. Tulipomuuliza ni kitabu gani alichosoma, alisema hakusoma. Alionyeshwa na mjomba wake, ndugu wa mamake.

Naam, Waborana wana hisabu yao ya nyakati, na Asmarom Legesse, mtaalamu wa Kieritrea, aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1973. Mwaka wao una miezi 12 na siku 354, na siku zao zina majina 27 yanayozunguka. Miezi huijua kwa kuutazama mwezi jinsi ulivyo pamoja na nyota au makundi ya nyota saba, na Kilimia imo katika hayo, na Dabarani imo. Hisabu hii wazee huishika kwa kichwa, na huishika kwa kutazama juu kila usiku. Siku watakapoacha kutazama itapotea. Huyo kijana tuliyesema asili yake haijulikani amekuja kwetu akiwa na ilimu tuliyodai kuwa ni yetu, na yeye ilikuwa ingali hai mkononi mwake.

Ndugu mmoja alitupinga kwa hoja nzuri. Alisema: ikiwa kila tulicho nacho tumekipokea, basi hapana wa kusifiwa wala wa kulaumiwa, na mwizi naye atasema wizi alimwagiwa na mwenziwe. Hoja hii haifai kupuuzwa. Sisi twaona ya kuwa hapa mfano wa nyota hukatika. Zeta haikumchagua jirani yake, wala haikuweza kuikataa bariamu ilipoijia. Mtu hupokea mengi kabla hajawa na akili ya kuchagua, walakini hufika siku akawa na akili hiyo, na tangu siku hiyo huamua lipi ataliendeleza na lipi ataliacha life. Kwa hivyo sifa na lawama, kwa tuonavyo sisi, hufuata kile anachokitengeneza sasa, ambacho kitakwisha asipokitengeneza upya. Uaminifu ni wa namna hiyo. Haurithiwi ukawekwa sandukuni.

Na kupokea si aibu. Bariamu ya Zeta ni bariamu ya kweli, na anayesema ni ya bandia amekosea. Mwenye makosa ni yule anayedai ameipika, na mwenye makosa zaidi ni yule anayesema ya kuwa yule kibete gizani hakuwako. Wangapi katika mji huu wamesomeshwa kwa vitumbua alivyouza mama alfajiri, na siku ya kupewa vyeo vyao wakahesabu mababu saba wasimtaje yeye?

Baba wa binti alitutaka shauri. Hukumu ya kufu ina mahali pake na vitabu vyake, hatukuitia katika maneno haya. Tulimwambia mambo mawili: ayatazame anayoyafanya kijana kila siku, na afunge safari mpaka Kipsing akawaone wale waliokuwa naye kabla hajatufikia sisi. Alisema ni mbali. Tukamwambia kweli ni mbali. Mpaka tunaandika hajaondoka.

Imebaki nyota moja ambayo wanadarasa waliiuliza, nayo ni Simaki mwenye mkuki, Arcturus kwa Wazungu. Ni jitu lenye rangi ya chungwa, lionekanalo vizuri jioni za Mei na Juni, kwa umbali wa miaka 37 ya nuru. Chuma chake ni kama thuluthi ya chuma cha jua, na mwendo wake haufanani na wa majirani zake. Mwaka 1971 Olin Eggen aliandika juu ya nyota nyengine zinazokwenda njia moja nayo. Mwaka 2004 Julio Navarro na wenziwe wakasema huenda zote ni wageni, mabaki ya galaksi nyengine ndogo iliyomezwa zamani na galaksi yetu. Neno hilo lilipendeza, na lilielezea mengi. Kisha watu wakaanza kuzipima elementi za nyota hizo moja moja, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yakaonyesha ya kuwa hazina mchanganyiko mmoja kama wana wa nyumba moja ya ugenini. Zimetofautiana kama zinavyotofautiana nyota za hapa hapa. Wengi sasa waelekea kusema ya kuwa ni wenyeji, waliosukumwa katika njia moja na mvuto wa mkusanyiko mrefu wa nyota ulioko katikati ya galaksi. Mjadala haujafungwa. Atakaye kuitazama na aitazame, ingawa kwetu taa za bandari zatuziba macho, na kule Kipsing huonekana vizuri zaidi.