Mwili ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu, jueni ya kuwa mwili ni amana. Mtume alimkataza Abdullah bin Amr kufunga kila siku na kusimama usiku kucha, akamjulisha kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada haikuruhusiwa kuudhulumu mwili, uvivu utaruhusiwaje?

Kisukari kina sababu nyingi, na moja yao ni kuketi barazani mchana kutwa, na msikiti ulio karibu kuendewa kwa gari. Misuli itembeapo huivuta sukari ya damu ikaitumia; ilegeapo siku nyingi, sukari huzidi damuni, ikaharibu macho, figo na miguu. Matabibu wameagiza kwa uchache dakika 150 za mwendo wa haraka kila wiki. Aendaye msikitini kwa miguu hupata fungu lake, na thawabu juu yake; wala asiache dawa ya tabibu.

Kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo kwa awezaye. Mgonjwa ana udhuru, mvivu hana. Basi mwenye nguvu na azilinde, kabla miguu haijakataa kusimama.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu afya njema. Amin.