Mtumbwi Uliotoweka Mchana

"Shikamoo mzee. Stendi ya kamera ya nini na jua lote hili?"

Kijana aliniuliza hivyo saa saba mchana, ufukweni Mwaya. Nilimwonyesha kioo cheusi nilichofunga mbele ya lenzi: kinapunguza mwanga, kamera ibaki wazi sekunde 30. Mkono hautulii kiasi hicho. Miguu mitatu hutulia, kama chungu juu ya mafiga.

Picha ilipotoka, Milima ya Livingstone ilisimama mashariki, mawimbi ya Ziwa Nyasa yamekuwa ukungu. Mtumbwi uliotupita haukuwemo, wala mvuvi wake.

"Mbona tumemwona!"

Nikamweleza kwamba kamera ikibaki wazi muda mrefu, kinachopita hakiachi alama. Mwaka 1838 Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya mtaa wa Paris wenye pilikapilika. Wapita njia na magari ya farasi vilifutika. Alionekana vizuri mtu mmoja tu, aliyesimama kung'arishiwa viatu. Je, kamera ilidanganya? Sidhani. Ilitazama kwa kipimo cha mlima, na mbele ya mlima sote tunapita. Lakini kupita si kutokuwepo. Hilo nalikataa kwa moyo wote. Mvuvi yule alikuwa na jasho, alikuwa na samaki wa usipa mtumbwini, na harufu yao ilitufikia.

Nikaitoa kamera kwenye stendi, nikamfuata alikokuwa akishusha samaki.