Tusiwasingizie Wazungu

Shule zinapofungwa, na fedha za ufuta au korosho zikiwa zimeshaingia, vijiji vya Nachingwea na Ruangwa huwa na shughuli za jando na unyago. Sherehe si kosa. Kinachotia wasiwasi ni kwamba sisi wazazi tunahangaikia sare, muziki na pilau, huku mafunzo yenyewe, yaliyokuwa roho ya shughuli, yakibanwa katika siku chache. Mtoto anatoka na zawadi nyingi na maneno machache. Baadaye akimjibu mkubwa kwa ukali, tunasema Uzungu umeingia nyumbani.

Uzungu upi? Wamisionari Waanglikana wa UMCA, kutoka Uingereza, walipofika Masasi mwaka 1876, mila zetu nyingi zilihesabiwa kuwa ushenzi. Baadaye Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliona kwamba kulifuta jando ni kuwaacha vijana bila malezi. Akalipa nafasi ndani ya Kanisa, akiondoa aliyoona hayafai. Na huko kwao Ulaya mambo yaligeuka vilevile. Fimbo, ambayo Waingereza waliihesabu kuwa sehemu ya elimu, Bunge lao liliamua mwaka 1986 kuiondoa katika shule za serikali. Sweden ilikuwa imekwisha kuwakataza hata wazazi tangu 1979. Tukubaliane nao au tusikubaliane, walifika hapo baada ya kubishana miaka mingi kuhusu mtoto na anachostahili.

Sisi tumebishana lini? Kazi tumemwachia nyakanga kwa siku chache, mwalimu kwa muhula, na simu kwa usiku uliobaki. Baba yuko mnadani mchana na kilabuni jioni. Mama, ambaye mzigo wake unajulikana, anarudi kutoka shambani hoi. Kijana anayemsikia baba yake akimtukana mama yake hana haja ya filamu ya kigeni. Somo amelipata sebuleni.

Basi wajibu uanzie hapo. Baba ale chakula cha jioni na wanawe, awaulize ya shuleni, awaambie korosho zimeuzwa bei gani na fedha zinakwenda wapi. Adhabu ingoje hasira ipoe, na mtoto aelezwe kosa lake. Binti asikie habari za heshima ya mwili wake kutoka kwa mama yake kabla ya kwenda unyagoni, wala asichezwe akiwa mdogo mno kuyaelewa anayoambiwa. Na baba anayekataza pombe nyumbani aanze yeye kuiacha, watoto wakimwona.