Gesi ya Mtungi Nyuma ya Dashibodi

Gesi ya AC ya gari haiishi kwa kutumika. Petroli inaungua, oili inachakaa, lakini gesi ya AC inazunguka ile ile: inatoka kwenye kompresa, inapozwa kwenye kondensa mbele ya rejeta, inaingia kwenye evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi, kisha inarudi ilikotoka. Ni kweli mabomba ya mpira huipitisha kidogo kidogo kwa miaka. Lakini AC iliyojazwa mwezi uliopita na leo inapuliza joto ina tundu, na anayeijaza tena bila kulitafuta tundu hilo anamwaga gesi hewani kwa hela yake mwenyewe.

Jirani yetu mmoja wa Dar es Salaam alikuwa fundi umeme mstaafu, mtu wa mikono mizuri. Corolla yake ya mwaka 1998 aliitunza mwenyewe: breki, plagi, mikanda, kila kitu. AC ilipolegea msimu wa joto alikwenda Kariakoo, akanunua kopo la gesi ya AC, R134a, pamoja na mpira wake wenye geji, akaufunga upande wa presha ndogo kama inavyotakiwa, akajaza. Baridi ikarudi. Wiki chache baadaye ikaondoka. Akanunua kopo la pili, nalo likaenda njia ile ile.

Hapo ndipo alipaswa kusimama. Gari lilikuwa limeshamwambia tatizo lake. Badala yake akamsikiliza kijana mmoja wa mtaani aliyekuwa akimsaidia kushika spana: "Mzee, unatupa hela bure. Weka gesi ya mtungi, inapoza kuliko hiyo."

Ubaya wa ushauri ule ni kwamba nusu yake ni kweli. Gesi ya mtungi, yaani ya kupikia, ni mchanganyiko wa propani na butani, na gesi za jamii hiyo hupoza vizuri sana. Friji nyingi mpya za nyumbani leo zinatumia isobutani. Ndiyo maana jirani yetu alipoijaza, akawasha AC na upepo ukatoka wa baridi kali, aliona amepata ufumbuzi ambao mafundi walikuwa wanamficha.

Lakini friji ya nyumbani ina gesi kidogo, mara nyingi haifiki hata gramu 100, na mabomba yake yamechomelewa yakazibwa kiwandani. Friji haipiti kwenye mashimo ya barabara. AC ya gari ina viungo vilivyofungwa kwa nati na oringi, ina mabomba ya mpira yanayotikiswa na injini kila siku, na evaporeta yake iko chumba kimoja na abiria. Na gari la jirani yetu lilikuwa linavuja. Mwenyewe alijua linavuja, ndiyo sababu alikuwa anajaza. Alichukua gesi inayowaka, akaitia kwenye bomba ambalo ana hakika lina tundu, bila kujua tundu liko wapi.

Hesabu yake si ngumu. Gari dogo likiwekwa gesi ya aina hiyo huchukua kama gramu 250. Gramu 250 zikitoka zote zinakuwa mvuke wa lita 130 hivi. Chumba cha gari kama lile ni kama lita 3,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 4, na gesi ya kupikia inawaka inapokuwa kati ya takriban asilimia 2 na 10 ya hewa. Maana yake hata nusu ya gesi ile, ikivujia ndani ya gari lililofungwa vioo usiku kucha, inatosha. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo haipandi ikapotea. Inalala chini, miguuni na chini ya viti.

Asubuhi moja alifungua mlango wa gari akasikia harufu. Siku iliyotangulia alikuwa amebeba mtungi wa nyumbani kwenye buti, akadhani ni harufu ya mtungi ule iliyobaki. Akaketi, akazungusha ufunguo. Swichi ya feni ya AC ilikuwa imeachwa imewashwa tangu jana. Mota ya feni ile ina brashi za kaboni, na brashi zikisugua hutoa cheche. Kila fundi umeme anajua, naye alijua kuliko wengi wetu. Moto ulipita ndani ya gari kwa mkupuo mmoja. Kioo cha nyuma kilitoka kizima, mlango wa dereva ukafunguka kwa nguvu, naye akatoka nao. Aliungua mikono yote miwili, uso na masikio. Alikaa hospitali muda mrefu, na mpaka leo vidole vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri. Wajukuu ambao huwapeleka shule kila siku walikuwa bado wanafunga viatu barazani.

Baadaye fundi wa AC alifungua dashibodi. Evaporeta ilitoka imevaa koti la majani ya mwarobaini yaliyosagika, vumbi na uchafu mweusi uliolowa. Gari lililala chini ya mti ule miaka mingi, na chujio la hewa ya ndani halikuwepo tena. Uchafu ule ukishikana na unyevu unakula alumini taratibu. Kwenye kona ya chini palikuwa na doa la mafuta, na katikati ya doa vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vilionekana tu fundi alipotia presha na kupaka povu la sabuni. "Mzee wangu, hili doa lina muda," alimwambia. Alama nyingine alikuwa nayo siku zote: bomba dogo linalotoa maji ya AC chini ya gari lilikuwa na utelezi wa mafuta mdomoni. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo mahali penye mafuta mabichi na vumbi lililoganda ndipo pa kuanza kutafuta.

Sisemi watu wasiguse AC zao nyumbani. Gari la zamani lina mengi ya kufanywa na mwenyewe, na mengi hayahitaji kufungua gesi kabisa. Kondensa iliyojaa tope na wadudu ioshwe kwa maji ya presha ndogo, mapezi yasipinde. Itazamwe kama feni yake inazunguka AC ikiwashwa, kwani feni ikifa AC itapoza ukiwa barabarani na kuchemka ukiwa kwenye foleni, na watu wengi hujaza gesi kwa ugonjwa huo. Fyuzi, relei, mkanda wa kompresa, chujio la ndani, tundu la kutolea maji: vyote hivyo ni kazi ya nyumbani.

Gesi ni jambo jingine. Hata gari likiwa limezimwa, kwenye joto la nyuzi 30, R134a iliyomo ndani inasukuma kwa karibu psi 100, mara tatu ya upepo wa tairi. Injini ikiwaka, upande wa presha kubwa unapita psi 200 bila shida, na anayefunga kopo upande huo analigeuza bomu mkononi. Kopo lisipashwe moto ili litoke haraka. Miwani na glavu zivaliwe, kwa sababu gesi hiyo ikitoka huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na inagandisha jicho. Baada ya tundu kuzibwa, mfumo unyonywe hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, usimamishwe uonekane kama unashikilia, ndipo gesi ipimwe kwa mizani kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Asiye na pampu, geji na mizani awaachie wenye navyo. R134a yenyewe haifai kumwagwa ovyo: kilo moja inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa, na ndiyo sababu nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuipunguza pamoja na jamaa zake.

Kama gari lako limeshawekwa gesi ya mtungi, au ulilinunua na hujui lina nini, usilifungie ndani ya gereji ya nyumbani. Liegeshe mahali pa wazi, vioo vikiwa chini. Ukisikia harufu ya jikoni ndani yake, fungua milango yote, usiguse ufunguo wala swichi yoyote, subiri upepo upite. Na ukifika kwa fundi, mwambie kabla hajashika spana, maana yeye atadhani ni R134a, huku jirani yake wa gereji akiwa anachomelea bodi hatua tatu kutoka hapo.