Akiba ya Mkulima wa Pamba

Akiba ni jambo jema, wala hapana mwenye akili aliyepata kulibisha. Lakini akiba ina mwenyewe. Mtu ajinyimapo leo ili ale kesho ametenda hekima. Anyimwapo na mwingine, hata kwa nia njema, tendo hilo lataka jina jingine.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa miaka mingi marobota ya pamba ya Shinyanga yalipita kituo cha Isaka yakishuka kwenda pwani. Baada ya Vita Kuu ya Pili mkulima hakulipwa bei yote ambayo pamba yake ilileta ng'ambo. Alipewa sehemu, na iliyobaki ikatiwa katika mfuko wa akiba chini ya serikali ya koloni.

Hoja zilikuwa mbili. Kwanza, bei ya dunia ni kigeugeu: ilipaa wakati wa vita vya Korea vilivyoanza 1950, kisha ikashuka, na mfuko ungemkinga mkulima siku ya msiba. Hoja hii ina uzito. Pili, fedha nyingi mikononi na bidhaa chache madukani hupandisha bei ya kila kitu.

Hoja ya pili ilitumika Uingereza pia. Mwaka 1940 John Maynard Keynes alishauri sehemu ya mshahara wa mfanyakazi izuiwe mpaka vita viishe. Bajeti ya 1941 ilifuata sehemu ya shauri hilo: kodi iliongezwa, na mlipaji akaandikiwa hati ya kiasi atakachorudishiwa. Wengi walingoja mno. Malipo ya mwisho yalikamilishwa miaka ya 1970. Hata hivyo hati ilikuwamo sandukuni, na jina la mwenyewe juu yake.

Mkulima wa Shinyanga hakuwa na hati. Naye hakuwa raia wa nchi tajiri: sehemu kubwa ya akiba za makoloni ilikopeshwa serikali ya Uingereza kwa kununuliwa hati za deni lake London. Maskini akamkopesha mwenye nacho, bila kuulizwa. Angeachiwa fedha zake, pengine angenunua ng'ombe, na wakubwa wangetikisa vichwa. Lakini ng'ombe kwa Msukuma si anasa: ni mahari, ni maziwa, ni samadi, ni benki yenye pembe.

Wakulima hawakunyamaza. Vyama vyao vya ushirika viliungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria, chini ya Paul Bomani. Mwaka 1962 Bomani huyo akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Jana alidai bei kwa niaba ya mkulima. Sasa alitakiwa apate fedha za shule, za barabara na za zahanati, katika nchi ambayo utajiri wake mwingi ulitoka shambani. Mwenye kuzuia na mwenye kuzuiliwa walikutana katika kiti kimoja.