Mwenye Kushika Mfuko

Sadaka ni ya nani: ni yake atoaye, au yake aliyeihitaji? Mwaka 2000 Bisi Adeleye-Fayemi, Joana Foster na Hilda Tadria walianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, makao yake Accra, nchi ya Ghana, ili vyama vya wanawake vitetevyo haki visaidiwe na Waafrika wenyewe. Shauri jema. Lakini Mwafrika naye huweza kuwa bwana mkubwa akishika mfuko. Mimi naliwekewa fedha za chama cha kijiji. Mara watu wakanisalimu kwa heshima mpya, wala hapana aliyeniuliza hesabu. Nami, kweli, nalipendezwa. Basi viongozi wa namna hii wawasomee hesabu wale waliosaidiwa, na mwanamke maskini apewe nafasi ya kuuliza, “Mama, zilizosalia zi wapi?”